Gitaa Lisilo na Maneno: Deni Letu kwa Bendi za Mwanzo

Jioni moja ya mwezi Juni, baridi ya Dodoma ilipokuwa imeanza kuuma, nilipita nyuma ya jengo la madarasa nikasikia gitaa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili alikuwa ameketi kwenye ngazi, amelikumbatia gitaa kavu, akirudiarudia kipande kifupi cha nyuzi za juu kinachoshuka polepole kisha kurejea palepale kilipoanzia. Nilikitambua. Nilikisikia utotoni, redio ya marehemu baba ilipokuwa ikirusha nyimbo za Morogoro Jazz.

"Shikamoo, mwalimu," alisema huku akisimama.

"Marahaba. Hicho umekipata wapi?"

Akanieleza kwamba amefundishwa na kaka mmoja wa kwaya kanisani kwao, Mvumi. Na huyo kaka je? Naye alifundishwa na mzee aliyewahi kupiga katika bendi zamani. Jina la mzee hakulijua, wala la wimbo. Nilipomtajia Mbaraka Mwinshehe, alisema jina hilo amelisikia. Nilipomtajia Patrick Balisidya, alitikisa kichwa.

Balisidya alizaliwa Mvumi, mwaka 1946. Kijana wa Mvumi, mpiga gitaa, aliyekaa darasani kwa zaidi ya miaka kumi na minne, hajawahi kutajiwa jina la mpiga gitaa mashuhuri kuliko wote waliotoka kwao. Simlaumu hata kidogo. Ninachojiuliza ni jinsi muziki ule ulivyomfikia ingawa sisi, wenye dhamana ya elimu na utamaduni, hatukumpelekea. Na kwa nini njia iliyomfikishia inazidi kuwa nyembamba.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1960 kundi la Uingereza liitwalo The Shadows lilitoa "Apache", na mwaka huohuo The Ventures wa Marekani wakatoa "Walk, Don't Run". Nyimbo zote mbili hazikuwa na mwimbaji. Gitaa la umeme, ambalo aghalabu lilisindikiza sauti ya mtu, lilisogea mbele na kuubeba wimbo mzima. Waliokuja kuwa mabingwa wa baadaye, akina Brian May wa Queen, Mark Knopfler wa Dire Straits na Neil Young wa Kanada, wamewahi kueleza jinsi ujana wao ulivyoathiriwa na upigaji wa Hank Marvin wa The Shadows. Huko Japani, The Ventures waliwasha moto wa magitaa ya umeme miongoni mwa vijana ambao wengi wao hawakujua Kiingereza. Sababu yake ni nyepesi: wimbo usio na maneno hauhitaji mkalimani. Anayeusikia anaweza kuuchukua ulivyo na kwenda kuujaribu nyumbani kwake.

Huku kwetu somo hilo lilitangulia. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimrekodi kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco katika mji wa Jadotville, Katanga, ambao leo unaitwa Likasi. Bosco alipiga gitaa kavu kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba likishika mwendo wa nyuzi za chini na kidole cha shahada kikijibu juu, msikilizaji huapa kwamba amesikia watu wawili. Kazi yake iliyovuma kuliko zote, "Masanga", ilirekodiwa pia ikiwa gitaa tupu, bila kuimbwa. Mapema katika miaka ya 1960 mwanazuoni David Rycroft alichapisha uchambuzi wa kina wa vidole vya Bosco, na mwishoni mwa miaka ya 1970 mpiga gitaa wa Uingereza, John Low, alisafiri hadi Katanga ili ajifunze miguuni pake. Bosco mwenyewe alipata kuishi Nairobi kwa muda, na mtindo wake wa vidole viwili ukaenea Kenya, Uganda na Tanganyika.

Hapa nina hoja ambayo wanahistoria wa muziki wetu hawajaipa uzito unaostahili. Tangu miaka ya 1930 santuri za Kyuba za mfululizo wa GV ziliuzwa sehemu nyingi za Afrika, na mababu zetu wakazicheza bila kujua Kihispania. Baadaye zikaja santuri za Kinshasa na Brazzaville, za akina Franco na Dokta Nico Kasanda, zilizoimbwa kwa Kilingala. Waimbaji wetu waliiga hata maneno wasiyoyaelewa. Lakini kwa mpiga gitaa wa Tabora au Morogoro, wimbo wa lugha ngeni ulikuwa sawa na wimbo usio na maneno, kwa kuwa alichoweza kukishika kwa uhakika ni nyuzi. Alisogeza sindano ya gramafoni nyuma, akasikiliza tena, akatafuta kwa vidole. Kwa maana hiyo tulikuwa na shule ya muziki wa ala tupu hata pale mwimbaji alipokuwapo.

Shule hiyo ilizaa muundo ambao kila mpenzi wa dansi anaujua. Wimbo huanza kwa utulivu, mashairi yakatangulia, watu wakasikiliza kisa. Kisha huja sehemu ambayo wanamuziki huiita chemko: mwimbaji hunyamaza au hubaki na kiitikio kifupi, magitaa yakatawala, na ukumbi ukasimama. Katika chemko, solo, rithimu na besi huingiliana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana, na hakuna gitaa lililo kamili peke yake. Wasomaji wa Kigogo hawatashangazwa na hilo. Katika ilimba, gumba la kushoto huacha pengo na la kulia hulijaza. Katika muheme, ngoma ya akina mama, kila anayepiga hutegemea pigo la jirani yake. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa nyanda hizi kavu, aliionesha dunia ufundi huo, na mwaka 2002 akatoa albamu ya "Assembly" pamoja na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Gitaa ni chombo cha kigeni, lakini kanuni tuliyoitumia kulipiga tulikuwa nayo nyumbani.

Kanuni hiyo ilisafiri kwa reli. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, iliunganisha pwani na mpaka wa Kongo, na ukiitazama ramani yake unaona pia ramani ya bendi. Dar es Salaam kulikuwa na Dar es Salaam Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1932. Morogoro kulikuwa na Morogoro Jazz ya mwaka 1944 na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Tabora kulikuwa na Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Dodoma ipo katikati ya mstari huo.

Tazama jinsi ujuzi ulivyopokezanwa. Michael Enoch alipiga gitaa Dar es Salaam Jazz katika miaka ya 1960, kisha baadaye akawa nguzo ya Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978. Balisidya naye alipitia Dar es Salaam Jazz kabla ya kuanzisha Afro 70 na mtindo wake wa Afrosa. Bendi hiyo ilikwenda Lagos mwaka 1977 kwenye tamasha kuu la sanaa za Waafrika, na mwaka 1979 Balisidya akarekodi albamu pamoja na kundi la Archimedes la Sweden. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka uleule Morogoro Jazz ilipoanzishwa, alikwenda na bendi hiyo Osaka katika maonesho ya dunia ya mwaka 1970, akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, na akafariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa Januari 1979 akiwa na umri wa miaka 34. Hakuna aliyesomea gitaa chuoni miongoni mwao. Kila mmoja aliingia katika bendi akawakuta wakubwa, akakaa nyuma yao, akasikiliza, na zamu yake ikafika.

Sasa niingie katika siasa, maana ndiko hoja yangu inakoelekea. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo alisikitika kwamba wengi wetu tulijua kucheza rumba, chachacha, roki na twisti, ilhali ngoma kama gombesugu na lelemama hatukuzijua. Mtu angeifuata mantiki ya maneno hayo hadi mwisho wake, gitaa lingefukuzwa nchini. Halikufukuzwa. Miaka miwili baadaye chama cha wafanyakazi kikaanzisha NUTA Jazz, ambayo hadi leo tunaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na bendi. Jeshi la Kujenga Taifa, Polisi, Magereza, shirika la bima na shirika la usafiri la Dar es Salaam, wote wakawa na bendi zao.

Mtumishi wa umma unayesoma makala haya, tafakari maana ya jambo hilo kiutawala. Chama au shirika lilinunua vyombo na kuvitunza. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara wa kila mwezi. Kijana aliyekuwa akijifunza alipata mahali pa kwenda kila siku, chombo cha kushika na mkubwa wa kumkosoa. Radio Tanzania ikawarekodi katika studio zake na kuwasikilizisha Ngara hadi Newala. Bila kulipa jina hilo, nchi ilikuwa imejenga mfumo wa uanagenzi wa muziki.

Naomba nieleweke: siutamani mfumo ule urudi kama ulivyokuwa. Mwanamuziki hakumiliki gitaa alilolipiga, na aliyetofautiana na wakubwa aliweza kutoka mikono mitupu. Nyimbo za kusifu zilikuwa sehemu ya kazi, apende asipende. Hata hivyo, mashirika yalipopunguzwa na kubinafsishwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, tuliuza viwanda, tukafunga kumbi, na bendi nyingi zikaondoka pamoja na samani. Ile shule isiyo na jina ikafungwa pia. Hakukuwa na waraka wowote wa kuifunga, kwa sababu haikuwahi kuandikwa mahali popote kwamba ni shule.

Wengine huitupia Bongo Fleva lawama. Mimi sina ugomvi nayo. Vijana walioanza kurekodi kwa kompyuta walitumia kilichokuwapo baada ya vyombo kutoweka. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutopiga besi ambayo hajawahi kuiona.

Pamoja na hayo, gitaa halikufa, na hapa mkoani kwetu sababu kubwa ni kwaya. Pita Dodoma siku ya Jumapili, mjini au vijijini, utasikia solo, rithimu na besi zikiitikiana nyuma ya waimbaji. Sikiliza kwa makini sehemu ambayo waimbaji wanaanza kucheza: hiyo ni chemko, iliyobatizwa na kupewa sare. Kwaya imekuwa chuo cha gitaa kisichosajiliwa, na viongozi wake wanastahili shukrani ya taifa. Lakini si haki kuliachia kanisa peke yake mzigo wa umma. Kijana asiye wa dini hiyo aende wapi? Na binti je, ambaye katika kwaya nyingi nilizoziona hupewa kipaza sauti lakini hapewi gitaa?

Najua nitaambiwa kwamba siku hizi kila kitu kipo YouTube. Ni kweli kwamba simu inaweza kumwonesha kijana mahali pa kuweka vidole. Lakini simu haiwezi kumwachia pengo alijaze, wala kumwambia kwamba amewahi mno, wala kumfundisha kunyamaza ili besi isikike. Muziki wetu wa magitaa matatu haujifunzwi chumbani na mtu mmoja, kama vile mpira haujifunzwi kwa kupiga danadana peke yako. Unahitaji wenzako, chombo, na saa nyingi za pamoja.

Kwa nini basi hatulioni tatizo hili? Nadhani ni kwa sababu taasisi zetu zote husoma maneno. Sisi wa vyuo vikuu tumeandika tasnifu nyingi kuhusu mashairi ya dansi, mapenzi na siasa zilizomo, lakini tumeandika machache mno kuhusu kilichochezwa baada ya mwimbaji kunyamaza. Nami nimo katika kosa hilo, kwani nimesimamia tasnifu za aina hiyo na sikuwahi kumuuliza mtahiniwa hata mmoja nani alipiga solo. Santuri nyingi za zama zile zilitaja bendi na mtunzi, wapigaji wakabaki bila majina. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtendaji pamoja na mtunzi, lakini haki ya mtu ambaye jina lake halikuandikwa ni haki ya nani? Mirabaha haiwezi kumfuata mpiga rithimu ambaye hayumo katika kumbukumbu yoyote. Familia yake ikija kudai, italeta ushahidi gani?

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu. Sioni hata moja linalohitaji wizara mpya.

La kwanza linahusu kanda za iliyokuwa Radio Tanzania, ambazo leo ziko chini ya Shirika la Utangazaji. Kuzihamishia katika mfumo wa kidijitali ni kazi muhimu, lakini haitoshi. Kila kanda iambatanishwe na majina: nani alipiga solo, nani rithimu, nani besi. Majina hayo yamo vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Enoch alifariki mwaka 2004, na Balisidya mwaka huohuo. Wanafunzi wa historia na sanaa za maonesho wanaweza kuifanya kazi ya kuwahoji waliobaki kama sehemu ya mafunzo kwa vitendo, kwa gharama ya nauli na daftari.

La pili linahusu elimu. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umefungua mkondo wa amali katika sekondari. Tukilitaja neno amali, fikra zetu hukimbilia useremala, umeme na kilimo. Gitaa nalo ni amali: lina mikono, lina kanuni, lina soko. Kila mkoa ukiwa hata na shule moja yenye seti kamili ya vyombo na mwalimu anayejua kuvitumia, tutakuwa tumerudisha mahali pa kujifunzia. Na mwalimu huyo asizuiwe kwa kukosa cheti. Mzee aliyepiga chemko miaka thelathini ana elimu ambayo idara yangu haiwezi kuitoa.

La tatu linawahusu ndugu zangu wa halmashauri. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani mnayoikopesha makundi maalumu, sehemu ya vijana ni asilimia 4. Kikundi kikiomba bodaboda au mashine ya kufyatua matofali, mnajua kulitathmini ombi lake. Kikiomba magitaa mawili, besi na spika, tabasamu huanza mezani. Bendi inayopiga harusi na mahafali kila mwisho wa wiki katika jiji hili linalokua ni biashara yenye hesabu. Itathminini kama biashara nyingine, mwikubali au mwikatae kwa hesabu zake.

Kuna atakayesema kwamba nchi yenye uhaba wa madawati haina haja ya magitaa. Namheshimu, lakini namkumbusha kwamba Tanzania ya mwaka 1964 ilikuwa maskini kuliko hii ya leo, na bado ilinunua magitaa. Dodoma ilitajwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 Serikali imehamia kweli. Tumejenga Mtumba, tumejenga barabara za mzunguko, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inaleta abiria kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, kwenye ushoroba uleule uliopitisha santuri. Mji mkuu hauundwi na ofisi peke yake. Watu wake wanataka kujua Jumamosi usiku waende wapi, na wakifika huko wasikie nini.

Wiki iliyofuata nilimtumia mwanafunzi wangu nyimbo kadhaa za Afro 70 kwenye simu. Alinifuata ofisini siku mbili baadaye, macho yamemtoka, akitaka kujua kama kweli huyo ni mtu wa Mvumi. Nikamwambia ndiyo, ni wa kwenu. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Mwalimu, kupiga hivi kunafundishwa wapi?"

Nilimwambia asiache kwenda kwaya. Lilikuwa jibu la kweli, na ndilo pekee nililokuwa nalo. Lakini kwa kijana anayesoma katika makao makuu ya nchi iliyowahi kuwalipa mshahara wapiga gitaa wake, jibu hilo halitoshi, na wanaoweza kuliongezea wako umbali wa nauli moja ya daladala kutoka pale alipokuwa ameketi.